Kutoka namba tano hadi kocha mkuu: nilivyojifunza kunyamaza

Siku niliyotundika daruga, mzee mmoja aliyenifundisha mpira tangu utotoni kule Hale alinishika bega akaniambia, "Mgosi, sasa rudi shamba. Winga anakumbukwa, straika anakumbukwa, beki anakumbukwa kwa bao aliloruhusu." Nilimheshimu mno mzee yule na hadi leo namheshimu. Lakini kwa hilo alikosea, na nimeamua kuandika kwa sababu kila msimu nasikia mabeki wenzangu wakiambiwa maneno yale yale.

Nilicheza miaka 14. Mchangani, ligi ya mkoa wa Tanga, daraja la kwanza, halafu misimu miwili ya Ligi Kuu ambayo naihesabu kwa fahari ingawa mechi nilizoanza hazikufika 30. Nilikuwa namba tano, mkoba, mtu wa mwisho kabla ya kipa. Goti la kulia lilinitoka nikiwa na miaka 31, kwenye mechi ya kirafiki, wala hakuna aliyenigusa. Niligeuka tu.

Mfano niliokuwa nao kichwani ni Mecky Maxime. Beki wa kulia wa Mtibwa Sugar na Taifa Stars, akavaa kitambaa cha unahodha, kisha akaja kuifundisha Mtibwa hiyo hiyo na baadaye Kagera Sugar. Nilikuwa nikimtazama amesimama pembeni ya uwanja najiambia, yule naye alikuwa akikaba kama mimi.

Klabu yangu ya mwisho ilinipa umeneja wa timu. Kwa Waingereza meneja ndiye anayepanga kikosi. Kwetu ni mtu wa leseni za wachezaji, jezi, basi, maji, chakula cha kambini na posho. Rafiki zangu waliona nimeshushwa. Mimi namshauri mchezaji yeyote anayetaka kufundisha aanzie hapo. Ndipo nilipojua nani hali asubuhi ya mechi kwa woga, nani anatuma posho yote kwa mama yake halafu anashinda na chai kavu, nani akilazwa chumba kimoja na fulani hapati usingizi. Tulikuwa na beki wa kushoto aliyekuwa anakata pumzi dakika ya 60 kila mechi, na kocha wa wakati ule akamwita mvivu mbele ya wenzake. Kijana alikuwa anakunywa uji tu tangu jana yake. Nikawa namwekea sahani ya wali maharage pembeni. Baada ya wiki tatu kocha akawa ananiuliza yule dogo amekula nini.

Kisha ikaja habari ya kozi, na hapo ndipo nilipopewa ushauri mbaya kuliko wote. Watu watatu tofauti, wote wamecheza, waliniambia nisipoteze hela. "Wewe umecheza Ligi Kuu, watakufundisha nini?" Ada, nauli na malazi vilikula kama laki nne na kitu: mbuzi wawili, na deni kwa shemeji. Siku ya pili tu ya leseni D, ile ya ngazi ya chini ya ukocha, tukafika sheria ya 11, ya kuotea, yaani mshambuliaji kuwa mbele ya mabeki wakati mwenzake anampigia mpira. Mkufunzi akauliza: mshambuliaji akiwa sawasawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho, ameotea? Nikanyoosha mkono wa kwanza, nikajibu kwa sauti: ameotea.

Hajaotea. Sheria ilibadilishwa mwaka 1990, mwaka ambao mimi naanza darasa la kwanza. Wazee walionilea mchangani walikuwa wamejifunza kabla ya hapo wakanirithisha walichokijua, nami nikacheza miaka 14 nikimdai mshika kibendera haki ambayo haikuwa yangu. Usiku ule kitandani nilianza kuhesabu mabao tuliyofungwa mimi nimesimama mkono juu. Nilipofika la tano nikaacha, nikageukia ukutani. Kwa hiyo mtu akiniambia cheti hakichezi mpira, namwambia aende akakae siku mbili tu darasani. Na Septemba 2022 Simba walipomwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union, hapa hapa Tanga, akaiongoza timu kwenye michuano ya Afrika, leseni A alikuwa nayo tayari. Bila karatasi ile simu isingelia.

Nikawa kocha msaidizi, nikaongeza leseni C. Misimu miwili ya kubeba koni na kuandika madaftari, sina mengi ya kusema hapo. Halafu kocha mkuu akaondolewa katikati ya msimu tukiwa wa tatu kutoka mkiani, na uongozi ukaniambia, "Mwalimu, shikilia timu."

Mechi ya kwanza nikiwa mkuu niliifundisha kama nilivyocheza. Mkoba kazi yake ni kuongea. Nilipokuwa ndani nilikuwa naongea dakika 90: panda, yaani sogeeni mbele mwache goli, shuka, yaani rudini golini, bana ndani, mtu nyuma yako. Nikaona njia ni kuendelea, safari hii nikiwa nje ya chaki. Nilisimama mwanzo mwisho, sauti ikakauka dakika ya 30, nikaomba maji, nikaendelea. Tukafungwa 4-1, nyumbani. Kiongozi mmoja akaja chumba cha kubadilishia nguo akasema tatizo ni vijana, niwapige benchi niwarudishe wakongwe. Mwingine akasema sikupiga kelele za kutosha! Nilikaribia kumwamini, kwa sababu ndivyo hata mimi nilivyokuwa nawaza.

Kilichoniokoa ni simu. Mpwa wa mtunza vifaa wetu alikuwa amerekodi mechi akiwa jukwaani, picha inatikisika, nusu ya muda anawarekodi rafiki zake. Nikaitazama usiku, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa utulivu. Bao la pili: inasikika sauti yangu, "Panda!" Namba tano wangu, kijana wa miaka 20, anageuza shingo kunitazama. Hapo hapo mpira unapita mgongoni kwake. Bao la tatu: sauti yangu tena, safari hii beki wa kulia ndiye anayegeuka. Nikairudisha, nikaitazama kama mara kumi. Mabao matatu kati ya manne yaliingia wakati beki ananisikiliza mimi.

Nilipokuwa mkoba, sauti yangu ilikuwa inatoka nyuma yao. Walinisikia huku macho yao yako mbele, kwenye mpira. Sasa nilikuwa pembeni, na mtu akiitwa kutoka pembeni hugeuka. Hata wewe ukiitwa njiani unageuka. Ina maana kile nilichokiona ni kipaji changu kikubwa kilikuwa kinawafungisha vijana wangu. Sikulala usiku ule, nasema kweli.

Asubuhi nilikwenda sokoni nikanunua kamba ya katani, elfu nane hivi. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, nimekua nazichezea kamba hizo, na wazo lilinijia nikikumbuka tulivyokuwa tunafungana viunoni tukicheza gari moshi. Jioni mazoezini niliwapanga mabeki wanne mstari mmoja nikawaunganisha kiunoni, mita nane kati ya mtu na mtu. Sharti langu lilikuwa moja: kamba isiguse nyasi, wala isikazane. Ikigusa nyasi mmesongamana; ikikaza mmeachana na katikati pana mlango. Nikawa nauhamisha mpira kulia, kushoto, nyuma, wao wanaufuata.

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Beki wa kushoto alikimbia peke yake, akawavuta wenzake wawili, wote chini, mmoja akachubuka kiuno. Siku ya pili niligundua kosa langu: nilikuwa nimefunga fundo. Usifunge fundo. Weka kitanzi kinachoachia chenyewe mtu akianguka, na juu ya jezi zungushia kitambaa, maana katani inachuna ngozi. Siku ya nne wakaanza kwenda pamoja. Siku ya saba nilipuliza filimbi ya kumaliza wakaendelea kutembea sambamba hadi kwenye ndoo ya maji, hawakujua kama wanafanya hivyo. Nilifurahi kama nimefunga bao la fainali.

Mtaani ikaenea habari kwamba kamba ile ina dawa. Watu walikuja kusimama nyuma ya goli kuangalia. Mwanachama mmoja mwenye uwezo akaniita pembeni akaniambia yuko tayari kutoa hela ya kamati ya ufundi, kama nina mtu wangu niseme tu. Kwenye mpira wa kwetu, kamati ya ufundi ni jina la heshima la watu wa ushirikina. Nilimwomba hela ile ile aninunulie mipira. Alitoa mipira sita, Mungu ambariki, na ilikuwa mizuri.

Wiki ya pili nikaitoa kamba, nikaleta jambo gumu zaidi: sauti. Nilimchagua kipa awe msemaji wa mstari, kwa sababu yeye yuko nyuma yao. Alikuwa kijana mpole ambaye hata salamu anaitikia kwa kichwa. Nikampa maneno manne tu: panda, shuka, bana, achia. Mimi nikajizuia kusema lolote kwa dakika 20 za kila mazoezi, na nilimwagiza msaidizi wangu anipige kofi la bega nikisahau. Bega liliuma. Kipa naye siku za mwanzo alikuwa ananong'ona. Nikampeleka yeye na mabeki ufukweni alfajiri, wao wamempa mgongo, upepo unavuma, naye lazima wamsikie. Alipopata sauti yake hakuna aliyemnyamazisha tena, mpaka mwamuzi mmoja alimwonya.

Kuna kauli nyingine inayoniudhi, kwamba beki akifundisha atajua kukaba na kubutua tu. Nani anamjua straika kuliko mtu aliyeteswa naye miaka 14? Niliketi na mshambuliaji wetu mezani na vizibo vya soda, nikamwambia yale yote niliyokuwa nayaogopa. Nilimwogopa straika aliyesimama mgongoni kwangu nisipomwona, kuliko yule anayesukumana nami. Niliogopa mpira wa chini unaopita kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, maana kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Niliogopa krosi ya chini kati yangu na kipa, kwa sababu nikiugusa nimejifunga na nikiuacha kafunga yeye. Nikamwambia pia mpira wa kurusha hauna kuotea, na mabeki wengi husahau; anza kukimbia kabla haujarushwa. Alikuwa na mabao mawili tangu msimu uanze. Akafunga saba mechi zilizobaki, mawili kati ya hayo kwa mpira wa kurusha.

Mwaka 2019 sheria iliporuhusu mpira wa goli kupokelewa ndani ya eneo la hatari, nilianza kuwafundisha kutoka nyuma kwa pasi fupi. Jukwaa zima likawa linapiga kelele "butua!" Tulifungwa bao moja la kizembe kwa njia hiyo na nikaitwa kikaoni. Niliwaambia ukweli: timu iliyobutua msimu uliopita ilikuwa inarudishiwa mpira muda ule ule na mabeki wangu walikuwa wanachoka kabla ya mapumziko. Wakaniachia, kwa shingo upande.

Jambo la posho nitalisema kwa ufupi. Ikichelewa, usiwadanganye wachezaji kwamba inakuja kesho. Mwite nahodha, mwambie ukiwa umemtazama usoni, halafu uwe wa mwisho kupokea yako. Nilijifunza hilo nikiwa meneja, nikibeba bahasha zisizotosha.

Msimu ule wa kamba, mechi ya mwisho tulihitaji sare tusishuke. Mzee wa Hale alikuja, amevaa kofia yake, nikamwekea kiti karibu na benchi letu. Dakika ya 88 ni 1-1, wao wana mpira wa adhabu karibu na mstari wa kati, wamejaza watu mbele. Nilikuwa nimekaa, mikono nimeiweka chini ya mapaja ili nisisimame. Kabla mguu haujagusa mpira nikasikia sauti kutoka golini: "Pandaaa!" Wanne wakatoka pamoja, hakuna aliyegeuza shingo, na wapinzani watano wakabaki wamesimama nyuma yao. Kibendera kikaenda juu.

Filimbi ya mwisho ilipolia mzee aliniuliza ni nani aliyewaambia wapande, maana yeye alikuwa ananitazama mimi na mdomo wangu haukufunguka. Nikamwonyesha kipa. Akavua kofia, akatembea mwenyewe hadi golini kumpa mkono.