Majeruhi wa ajali na figo zake: angalieni mfuko wa mkojo

Mimi nauguza ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na wagonjwa wetu wengi ni wa ajali, bodaboda ndo usiseme. Ndugu wakiingia wanaangalia kichwa, mashine ya kupumulia, mguu uliofungwa vyuma, wanauliza sista ataamka lini. Karibu hakuna anayeuliza kuhusu ule mfuko wa mkojo unaoning'inia pembeni ya kitanda, na mimi kila saa naenda kuinama pale kusoma umeingia kiasi gani.

Naangalia pale kwa sababu ya figo. Karibu sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo inaenda kwenye figo, sasa mtu akivuja damu nyingi presha ikashuka, mwili unabana mishipa ili ubongo na moyo vipate kwanza na figo ndo zinapunjwa, na zikipunjwa muda mrefu zinaanza kufa seli zake.

Halafu kuna misuli, hapa watu wengi hawajui kabisa. Mtu aliyelaliwa na ukuta masaa kadhaa, au kijana aliyepigwa na kundi la watu mpaka mwili mzima umevimba, hata kama hakuna mfupa uliovunjika, misuli iliyopondeka inamwaga protini inaitwa mayoglobini kwenye damu, inaenda kuziba na kuunguza mirija midogo ya figo, na mkojo unatoka kama chai ya rangi iliyokolea. Misuli hiyohiyo inamwaga na madini ya potasiamu, yakizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Mwaka 1941 kule London, wakati wa mabomu ya vita, daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika kuhusu watu wanne waliotolewa kwenye vifusi, mwanzoni walionekana wana nafuu, baadae mkojo ukapungua na wote wakafariki. Ndo maana siku hizi aliyefukiwa anatakiwa aanze dripu hata kabla hajanasuliwa, ikiwezekana mkono mmoja tu umeonekana awekewe hapohapo!

Jamani kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, inachelewa. Figo zikiumia leo, kipimo kinaweza kuonekana kimepanda kesho au keshokutwa, lakini mkojo unapungua mapema. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, na hali ikaendelea hivyo masaa sita, hiyo tayari inahesabika ni figo kuumia, hata kama majibu ya maabara bado mazuri. Kwanza lakini hakikisha katheta, yani mpira wa mkojo, haijaziba wala haijakunjwa.

Kinachoniuma sana ni sindano ya diklofenaki. Majeruhi anafika presha iko chini, damu inamwagika, na njiani kashachomwa diklofenaki kwa ajili ya maumivu, yani dawa inayozidi kubana damu ya figo wakati figo zenyewe zinaitafuta. Maumivu yatibiwe ndio, tena haraka, ila kwa dawa nyingine. Jentamaisini nayo, ile antibayotiki, inaweza kuumiza figo, tuifikirie mara mbili.

Na maji pia yana kipimo chake. Anayevuja damu anahitaji damu, so msimwambie tu nesi aongeze dripu, kwa sababu figo zikishagoma maji yanajaa kwenye mapafu na mgonjwa anazidi kuhangaika kupumua.

Ikifika kwenye dayalisisi, yani mashine ya kusafisha damu badala ya figo, ndugu wanalia wakijua ndo basi, mtu wa mashine maisha yake yote. Hapana. Kwa majeruhi aliyekuwa na figo nzima kabla ya ajali, mara nyingi mashine ni ya muda tu wakati figo zinapona, na wengi wanaonusurika wanaachana nayo. Ila akiruhusiwa msiridhike na kidonda kupona peke yake, arudi ndani ya miezi mitatu apimwe kreatinini, mkojo na presha, na akienda duka la dawa amwambie muuzaji kabisa kwamba figo zake ziliwahi kuumia, asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kienyeji.