Max Bruch na konserto aliyoiuza mara moja

Ndugu mlioko Berlin, makaburi ya Alter St.-Matthäus, karibu na kituo cha Yorckstraße, ndipo alipozikwa May Ayim, mshairi Mjerumani mwenye baba Mghana. Humo humo amelala Max Bruch, mtunzi wa muziki Mjerumani. Mwanamuziki yeyote anayetaka kusaini mkataba huku amjue huyu mzee.

Alizaliwa Köln mwaka 1838. Konserto yake ya kwanza ya fidla, yaani muziki wa fidla moja ikiongoza mbele ya okestra, ilipigwa Koblenz mwaka 1866, lakini hakuridhika nayo. Akaifumua, akachukua ushauri wa mpiga fidla Joseph Joachim, na mwaka 1868 toleo tunalolisikia leo likapigwa Bremen. Tegeni sikio pale mwanzo: timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinanguruma kwa chini, ala za kupuliza zinajibu, kisha fidla inapanda peke yake kutoka uzi wa G, ule mzito kuliko zote. Sehemu ya kwanza haifungi. Inaungana na ya pili bila kusimama, kwa hiyo msipige makofi. Hiyo ya pili, ya taratibu, ndiyo tamu kupita zote.

Haki za konserto hiyo Bruch alimuuzia mchapishaji Simrock kwa malipo ya mara moja, bila mrabaha. Ikapigwa kila mji, yeye hakuongezewa kitu. Alifanya kazi Liverpool miaka 1880 hadi 1883, akafundisha Berlin, akatunga konserto nyingine mbili za fidla, na bado watu waliitaka ile ile. Iliyomuuma zaidi ndiyo hiyo.

Alibaki na muswada wake wa mkono. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mfuko ukiwa mtupu, aliwakabidhi dada wawili wapiga piano wa Marekani, Rose na Ottilie Sutro, wamuuzie huko. Akafa Oktoba 1920 kabla ya kuona senti. Familia ililetewa noti za fedha za Kijerumani zisizo na thamani. Muswada sasa uko Morgan Library, New York.

Sheria ya Ujerumani ya leo ni tofauti: hakimiliki yenyewe haiuzwi, unatoa ruhusa ya matumizi tu. Kwenye mkataba tafuta neno "pauschal", yaani malipo ya mara moja, na "ausschließlich", yaani ruhusa ya mtu mmoja pekee. Yakikaa pamoja, omba asilimia kabla ya kusaini. Ukishasaini na kazi ikaingiza faida isiyolingana kabisa na ulicholipwa, kifungu cha 32a cha sheria ya hakimiliki kinakuruhusu kudai nyongeza. Aliyejiunga na GEMA, shirika la Ujerumani linalokusanya mirabaha ya watunzi wa muziki, asajili kila wimbo, maana usiosajiliwa ni vigumu kuulipia.