Banda lililokaa kombo

"Baba, kwa nini banda la kuku limekaa kombo?"

Kitinda mimba wangu huyo, juzi, mswaki mdomoni, kama vile ndiyo kwanza analiona. Nikamwambia ni jua. Banda likilala mashariki kwa magharibi, jua la asubuhi na la jioni linagonga ncha zake tu, kuku hawaungui. Ni kweli kabisa. Ila banda la kwanza halikuwa pale juu, wala si jua lililolihamisha.

Ilikuwa 2013. Kuku wa mayai 300, makapi ya mpunga ya kutandika kutoka Butaleja, na mkopo juu yake. Jamaa mmoja aliniandikia mpango wa mazingira bila kukanyaga kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, hata siku moja. Ukurasa wa tatu ulisema kiwanja ni tambarare. Kiwanja changu, ukiangusha limau mlangoni, utaliokota kwenye mafunjo! Nilisoma, nikacheka, nikafungia faili kabatini.

Kuku mmoja wa mayai hutoa zaidi ya gramu 100 za mavi kwa siku. Kwa kuku 300 ni kilo 30 na ushei, kila siku iendayo kwa Mungu. Nilikuwa nayarundika nyuma ya banda, kwenye mteremko, yamngoje mwenye mahindi na pikapu yake. Mvua ya Aprili ikamtangulia.

Jaja, bibi wa jirani aliyekuwa akiteka maji kijitoni kule chini, alifika kabla sijanywa chai. Hakupiga hodi. Alitua jerikeni lake la njano kizingitini, akachomoa ndizi mbichi aliyoizibia, akavuta beseni langu la kunawia na kuanza kumimina. Taratibu, kama anayepima maziwa ya kuuza. Maji yalikuwa na rangi ya chai kavu. Unyoya wa kahawia ukazunguka, ukazunguka tena, ukanata ukingoni. Ile harufu ya banda lililolowa, ya amonia inayochoma macho, ikapanda kati yetu. Akarudisha ndizi mahali pake.

"Mwanangu, kunywa kwanza wewe."

Nami, msomi, nikamjibu: "Chemsha, Jaja."

Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti, kemikali itokanayo na mavi, inabaki palepale. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Siku ile sikujua. Lakini hata ningejua, nadhani ningesema hivyohivyo. Nilitaka tu aondoke.

Alipoondoka nikapima kwa miguu: hatua 19 kutoka lundo hadi kijito. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zilitaka mita 30 hata kwa mto mdogo. Yaliyofuata mengine ni gharama tu: kuhamisha banda, kuchimba mtaro, kuezeka shimo la mbolea. Yule mwandishi sina ugomvi naye. Aliyesoma "tambarare" akanyamaza ni mimi.

Binti akatema povu. "Jaja alirudi kuteka pale?"

Hakurudi. Alihamia kwenye kisima cha pampu, mbali zaidi, na njia yake ikawa inapita mlangoni kwangu kila asubuhi. "Umeamkaje, mwanangu?" Nilimpelekea trei ya mayai, akaipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama desturi. Kama aliyala, sikuwahi kuuliza.