Kupima maiopia shuleni Nairobi: kazi iko kwenye matone

Kila mwaka kuna wanafunzi wanaotaka kuchunguza maiopia, yaani kutoona vizuri mbali, katika shule za Nairobi, na swali la kwanza huwa ni mashine ipi ya kupima namba ya miwani. Mashine si shida. Shida ni misuli ya ndani ya jicho la mtoto: akichungulia picha iliyo ndani ya mashine, inajikaza na lenzi inatuna. Mtoto ambaye kwa kweli ni +0.75 anaweza kusomeka -0.50, na -0.50 ndiyo mpaka wa kuhesabiwa ana maiopia.

Ndiyo maana kuna saiklopentoleti ya asilimia 1, dawa ya matone inayolegeza misuli hiyo. Weka tone moja kila jicho, subiri dakika 5, rudia. Kila baada ya tone, bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja ili dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Dakika 20 zikipita, mulika tochi. Mboni ikiwa bado inasinyaa, au haijafika milimita 6, ongeza tone la tatu na ungoje dakika 15. Macho yetu ni meusi, na ile rangi huishika dawa, kwa hiyo usiharakishe. Anayepima mapema kwa sababu kengele ya chakula imelia anarudi na takwimu za misuli. Mwenye historia ya kifafa heri umwache.

Ubao wa herufi huja kabla ya matone, kamwe si baada. Pima mita 4 kwa utepe, kutoka ubaoni hadi machoni. Kila mstari una herufi 5, na kila herufi ni 0.02 ya logMAR, kipimo cha ukali wa kuona. Foleni ikae nje ya mlango, la sivyo wa kumi ameshakariri mstari wa mwisho. Na jicho lizibwe kwa kizibio, vidole vinachunguliwa.

Dawa hufifisha maandishi ya karibu hata kwa saa 24, na jua linaumiza. Ijumaa ni nzuri kuliko Jumatatu, wiki ya mitihani haifai kabisa, na mtoto asivuke barabara peke yake kwenda kupanda matatu. Haya yote yaandikwe kwenye fomu ya idhini ya mzazi, kwa Kiswahili pia, baada ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti.

Sampuli nayo huwakwaza wengi. Watoto wa darasa moja hufanana, basi ukichukua 20 kwa kila darasa na kipimo cha mfanano huo kikawa 0.05, zidisha idadi ya watoto kwa 1 + (19 × 0.05), yaani 1.95. Kama pendekezo lako la utafiti lilisema watoto 400, wanakuwa 780. Na macho mawili ya mtoto mmoja si watoto wawili: changanua la kulia tu.