Jinsi nilivyoutoa mtandao wetu mikononi mwa mtengenezaji mmoja

Nilipokabidhiwa usimamizi wa mtandao wa taasisi yetu, ruta zote, yaani vifaa vinavyoelekeza data kati ya mitandao, zilikuwa za mtengenezaji mmoja, na kila mkataba wa matengenezo ulipokwisha tulipangiwa bei mpya bila nafasi ya kujadiliana. Nilidhani kilichotufunga ni vifaa vyenyewe. Nilipochunguza nikaona kwamba ni itifaki ya kuelekeza njia, yaani kanuni ambazo ruta hutumia kuambiana njia za data, ambayo ilikuwa ya mtengenezaji huyo na ambayo ruta za wengine hazikuielewa.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza sikununua kitu. Niliwasha OSPF, itifaki ya wazi inayoweza kutumiwa na mtengenezaji yeyote, ambayo toleo lake la pili lilielezwa katika RFC 2328, hati ya viwango vya intaneti, mwaka 1998, iende sambamba na ile ya zamani. Ruta zetu huvipa vyanzo vya njia namba za uaminifu, na iliyo ndogo ndiyo hushinda: ya zamani ilikuwa na 90 na OSPF 110, hivyo nilitarajia OSPF ijifunze njia kimyakimya bila kuhamisha pakiti (kifurushi cha data) hata moja. Nilichosahau ni kwamba njia zilizoingizwa katika itifaki ya zamani kutoka nje hupewa 170. Njia ya kwenda intaneti, iliyokuwa miongoni mwa hizo, ikahamia OSPF papo hapo, ikaangukia laini ya akiba, nayo ikafurika saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Niliizima OSPF, nikapandisha namba yake hadi 180, kisha nikaanza upya usiku, kama nilivyopaswa kufanya tangu awali. Baada ya hapo nilihamisha sehemu moja moja, na sina la kusimulia.

Ruta ya kwanza ya mtengenezaji wa pili ilinitesa kwa baiti 14. Pande zote mbili nilikuwa nimeandika 9000 kama ukubwa wa juu wa pakiti, lakini ujirani wa OSPF, yaani uhusiano ambao ruta mbili hupeana njia kupitia kwake, ulikwama katika hatua ya ExStart, pale ruta zinapojiandaa kubadilishana taarifa. Kumbe ruta mpya ilihesabu na kichwa cha Ethernet, baiti 14 zinazotangulia pakiti kwenye waya, ndani ya namba hiyo, ikabakiza 8986 kwa ajili ya pakiti. Nilipoandika 9014 upande wake, zikaelewana mara moja.

Mkataba uliofuata uliombewa bei kwa watengenezaji wawili. Moduli za mkongo, vipande vinavyochomekwa kwenye swichi ili kuunganisha nyaya za mwanga, ndizo bado zinanishinda: swichi za zamani husoma chapa iliyoandikwa ndani ya moduli na kuikataa isiyo ya kwao, kwa hiyo kabatini ninaweka visanduku viwili vya vipuri, kila kimoja na lebo yake.