Sodiamu ilitoka kwangu

Jamani, wiki hii nimejiaibisha kazini. Nipo Arizona, kiwanda cha chipu za kompyuta, kazi yangu kupima maji ya kuoshea visahani vya silikoni. Ukinzani wake wa umeme (maji yakiwa safi zaidi, unapanda) lazima usome megaomu-sentimita 18.2 kwenye nyuzi 25, na uchafu tunauhesabu kwa sehemu moja katika trilioni. Yaani tone moja ndani ya mabwawa 20 ya kuogelea ya Olimpiki!

Jumanne usiku sampuli ikaja na sodiamu juu. Mita ya kwenye bomba inasema shwari (na haina kosa, kiasi kidogo hivyo haikioni). Nikapiga simu, watu wakaamshwa, resini (chembe za kunasa chumvi kwenye mtambo wa kusafisha maji) zikaanza kushukiwa. Mzee wa zamu akaniuliza tu: "Glavu ulibadilisha?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejifuta jasho usoni, kisha nikafungua chupa kwa mkono uleule.

Tukarudia. Glavu mpya, maji yakaachwa yatiririke kwanza, chupa ikasuuzwa na maji yaleyale mara kadhaa. Sodiamu ikatoweka. Ilikuwa imetoka kwenye chumvi ya jasho la paji langu la uso.

Sasa wananiita Bwana Chumvi.