Asubuhi ya kipupwe nilipomwona chozi wa Amani

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, mwili wangu umezoea joto la pwani. Mwezi wa saba nilipopanda Amani, juu ya Muheza, nilikuta ukungu umefunika mashamba ya chai na vidole vikawa vizito kushika darubini. Shida yangu ilikuwa moja: nimwone chozi wa Amani, ndege mdogo ambaye kwao ni misitu michache tu ya Tanzania na Kenya.

Siku mbili nilitembea mno. Alfajiri niko njiani, adhuhuri narudi nimeona hondohondo tu, na hao hawatafutwi. Mabawa yao huvuma hewani kabla hujawaona.

Jioni ya pili tulikuwa tunaota moto na mzee mmoja wa Kisambaa. Nikamweleza nilikopita. "Mwanangu, ukitembea hivyo ndege wanakusikia kwanza wao. Kesho shuka Sigi, ukae." Akaniambia kwamba kipupwe kikikaza, baadhi ya ndege wa juu huteremka kukimbia baridi. Sigi iko chini, kama nusu ya kimo cha Amani.

Nikashuka. Nilichagua kona ya njia ambapo mwanga unaingia, nikaegemea mti, nikatulia. Karibu saa nzima nilisikia matone tu yakidondoka majanini. Kisha mramba akalia, mweusi tititi, na nyuma yake likaja kundi zima la ndege mchanganyiko, kila mmoja na tawi lake. Mramba hupenda kufuatana na wenzake, wao wakiwakurupusha wadudu yeye anawadaka. Chini kabisa, karibu na mguu wangu, akatua kurumbiza mwenye kifua cha manjano na kidoa cheupe mbele ya jicho. Huyo ni wa milimani. Sikuthubutu hata kuinua darubini.

Nilipotazama juu, kileleni kulikuwa na kitu kidogo kinarukaruka kwenye maua: tumbo jeupe, kichwa na koo vyeusi, jua lilipompiga vikawaka kijani na buluu. Shingo iliniuma, machozi yakanilengalenga, sikumwachia mpaka alipoondoka mwenyewe.

Nilirudi mbio kwa yule mzee.

"Shikamoo babu. Nimemwona!"

"Marahaba. Dume?"

"Dume."

"Vile vishada vya rangi ya chungwa ubavuni umeviona?"

Sikuviona.

"Basi kesho urudi."

Nikarudi.